Kukagua aina za data zilizoondolewa kabla ya kupandisha PostgreSQL: njia tatu, na ipi ikufae

Bado zipo seva zinazoendesha matoleo ya 9.6, 10 na 11 ya PostgreSQL, mfumo wa kuendeshea hifadhidata, ingawa hata hiyo 11 ilikoma kupata marekebisho Novemba 2023. Siku mwenye seva atakapoamua kuhama, kuna aina tatu za data ambazo hatazikuta huko aendako: `abstime`, `reltime` na `tinterval`. Ziliondolewa katika toleo la 12, lililotoka Oktoba 2019. Zilihifadhi muda kwa biti 32, sekunde nzima nzima, kwa hiyo ukingo wake ulikuwa mwaka 2038. Nyaraka rasmi nazo zilikuwa zimeonya kwa miaka kwamba aina hizo ni za matumizi ya ndani na huenda siku moja zikatoweka.

Ukimwambia msimamizi wa hifadhidata habari hizi, mara nyingi atakujibu: nani anatumia `abstime` siku hizi? Anayeitumia kwa kawaida ni mtu asiyejua kwamba anaitumia. Hadi toleo la 11, mwonekano (view) wa mfumo uitwao `pg_user` ulikuwa na safuwima `valuntil`, yaani tarehe ya mwisho ya nywila ya mtumiaji, na aina yake ilikuwa `abstime`. Sasa mkaguzi wa ndani anataka orodha ya watumiaji wa hifadhidata jinsi ilivyokuwa mwisho wa robo mwaka. Msimamizi anaandika mstari mmoja:

```sql
CREATE TABLE ukaguzi_watumiaji AS SELECT * FROM pg_user;
```

Ripoti inatoka, mkaguzi anaondoka, jedwali linabaki. Na `abstime` imebaki nayo, ndani ya jedwali la kawaida kabisa, bila mtu yeyote kuichagua. Jedwali la namna hiyo lenye mistari kumi na minne linaweza kuzuia uhamisho wa hifadhidata ya terabaiti mbili.

Njia za kulikamata mapema ni tatu: amri ya `pg_upgrade --check` (`pg_upgrade` ni programu ya kuhamishia data kwenye toleo jipya), swali la SQL unaloiuliza wewe mwenyewe katalogi ya mfumo (majedwali ya ndani yanayoorodhesha kila kilichomo), na kuijenga skima tupu (maumbo ya majedwali bila data) kwenye toleo jipya ili uone inakwama wapi. Watu huzizungumzia kana kwamba ni njia tatu za kupata jibu lilelile. Sivyo. Kila moja ina mahali inapoona na mahali isipoona, na hapo ndipo uamuzi ulipo.

`pg_upgrade --check`

Hii ndiyo njia ya kwanza ambayo kila mtu huitaja, na ni haki yake. Unasakinisha binari za toleo jipya kando ya zile za zamani, unaandaa klasta mpya tupu (klasta ni mkusanyiko wa hifadhidata za seva moja) kwa `initdb`, kisha unaendesha `pg_upgrade` ya toleo jipya ukiiongezea `--check`. Haigusi data. Seva ya zamani inaweza kuendelea kuhudumia wateja wakati ukaguzi unafanyika, na kazi yenyewe huwa fupi kwa sababu inasoma katalogi tu, haisomi majedwali. Inapita kwenye hifadhidata zote za klasta, pamoja na zile ulizosahau kwamba zipo. Na haidanganywi na vifuniko: safuwima ikiwa ni domeni (aina yenye jina jipya) iliyojengwa juu ya `abstime`, au safu (array) ya `abstime`, au aina ya mchanganyiko yenye `abstime` ndani yake, inafuatilia mpaka chini.

Ikikuta kitu, inakataa na kukuandikia faili, kwa mfano `tables_using_abstime.txt`, lenye jina la hifadhidata, skima, jedwali na safuwima. Kuanzia toleo la 15 mafaili haya yako ndani ya folda ya `pg_upgrade_output.d`, kwenye saraka ya data ya klasta mpya. Usiyatafute pale uliposimama ulipoendesha amri, kama tulivyozoea zamani.

Lakini kuna jambo la kujua kuhusu ukaguzi huu, na ndilo lililonifanya niandike ulinganisho huu. Aina zenyewe ziliondolewa 2019, ila ukaguzi wa kuzitafuta haukuwekwa wakati huo. Kwa miaka kadhaa `--check` ilisoma klasta yenye `abstime`, ikasema klasta zinapatana, kisha uhamisho wenyewe ukaanguka katikati kwa kosa la `type "abstime" does not exist`. Marekebisho yaliingia 2023 na yakarudishwa hadi kwenye matawi ya nyuma yaliyokuwa bado yanahudumiwa. Maana yake kwako: anayekagua ni `pg_upgrade` ya toleo unalokwenda, kwa hiyo chukua toleo dogo la karibuni kabisa la tawi hilo. Mtu aliyepakua 13 ya mwanzo kabisa miaka hiyo na kuihifadhi kwenye seva ya ofisi ili kuokoa bando, atapata jibu la "hakuna tatizo" lisilo na thamani.

Tena, hata iliyorekebishwa inaangalia vitu vinavyohifadhi data kwenye diski tu: majedwali, mionekano iliyohifadhiwa (materialized views) na indeksi. Mwonekano wa kawaida wenye `::abstime` ndani yake hauangaliwi. Fanksheni inayopokea kigezo cha aina ya `reltime` haiangaliwi. Thamani ya msingi ya safuwima iliyoandikwa `DEFAULT now()::abstime`, hata kama safuwima yenyewe ni `timestamptz`, haiangaliwi. Vyote hivyo vinaruhusu `--check` kupita salama na vinaangusha uhamisho halisi pale skima inapojengwa upya.

Ukianguka hapo hupotezi data. Hata kwa mtindo wa `--link`, unaounganisha faili badala ya kuzinakili, faili hazijaanza kuunganishwa wakati skima inajengwa, na klasta ya zamani inaweza kuwashwa tena kama kawaida. Unachopoteza ni usiku wako: klasta mpya inabidi ifutwe na kuandaliwa upya kwa `initdb`, na muda wa kuzima huduma uliouomba kwa mabosi umekwenda na maji.

Swali la katalogi

Njia ya pili haihitaji kusakinisha chochote. Unaingia kwa `psql`, au hata kwa programu yoyote ya kuendeshea SQL, unauliza:

```sql
SELECT n.nspname, c.relname, c.relkind, a.attname,
       format_type(a.atttypid, a.atttypmod)
FROM pg_attribute a
JOIN pg_class c ON c.oid = a.attrelid
JOIN pg_namespace n ON n.oid = c.relnamespace
WHERE a.atttypid IN (702, 703, 704, 1023, 1024, 1025)
  AND NOT a.attisdropped
  AND n.nspname NOT IN ('pg_catalog', 'information_schema');
```

Namba 702, 703 na 704 ni vitambulisho vya `abstime`, `reltime` na `tinterval`. 1023 hadi 1025 ni safu zake. Kwa kuwa hatukubana `relkind`, majibu yanaleta pia mionekano ya kawaida na aina za mchanganyiko. Hapo tayari swali hili linaona kitu ambacho `--check` inakiruka.

Udhaifu wake ni kwamba linaona kile ulichokumbuka kuuliza. Domeni haimo humo. Inabidi uende `pg_type` uangalie `typbasetype`. Vigezo vya fanksheni viko `pg_proc`, kwenye `proargtypes` na `prorettype`. Thamani za msingi ziko `pg_attrdef`. Tena swali linajibu kwa hifadhidata moja tu, ile uliyoingia. Klasta yenye hifadhidata kumi inataka uliulize mara kumi, na ile inayosahaulika kila siku ni `postgres` yenyewe, mahali ambapo watu wanapenda kutupia majedwali ya majaribio.

Kuna sehemu moja ambapo njia hii haina mpinzani: maandishi ya ndani ya fanksheni. PostgreSQL inapojenga upya skima kutoka kwenye nakala, `pg_dump` huzima ukaguzi wa viwiliwili vya fanksheni. Fanksheni ya PL/pgSQL iliyotangaza kigeugeu cha `abstime` ndani yake itajengwa bila kelele kwenye toleo la 16, itakaa kimya, na itaanguka siku itakapoitwa. Kama ni fanksheni ya kufunga hesabu za mwezi, utaijua mwisho wa mwezi. Mstari huu unaitoa mapema:

```sql
SELECT oid::regprocedure FROM pg_proc
WHERE prosrc ~* '\m(abstime|reltime|tinterval)\M'
  AND pronamespace <> 'pg_catalog'::regnamespace;
```

Utafutaji huohuo ufanye kwenye msimbo wa programu zako. Katika programu za zamani, kubadilisha tarehe kuwa sekunde kwa kupitia `::abstime::int` ulikuwa ujanja uliozoeleka, na hakuna ukaguzi wa upande wa seva utakaouona.

Skima tupu kwenye toleo jipya

Njia ya tatu ni ya kizamani na ndiyo ninayoiamini zaidi kwa swali hili la aina zilizoondolewa. Hukagui, unajaribu. Unachukua `pg_dumpall` ya toleo jipya, unaielekeza kwenye seva ya zamani, unatoa skima bila data, kisha unaimwaga kwenye seva ya majaribio ya toleo jipya:

```
/usr/lib/postgresql/16/bin/pg_dumpall -s -h seva-ya-zamani > skima.sql
psql -p 5433 -d postgres -f skima.sql > makosa.log 2>&1
grep 'ERROR' makosa.log
```

Seva hiyo ya majaribio inaweza kuwa laptopu yako. Hifadhidata ya terabaiti mbili ina skima ya megabaiti chache, kwa hiyo huhitaji diski wala intaneti ya maana. Mwonekano wenye `::abstime`, kigezo cha fanksheni, thamani ya msingi, indeksi yenye sharti lililotaja aina hiyo: kila kimoja kitagonga ukuta na kuacha mstari kwenye `makosa.log`.

Kusoma hilo faili kunataka utulivu. Kosa la `role "postgres" already exists` ni la kawaida, lipuuze. Baada ya hapo, soma makosa kutoka juu kwenda chini na usiogope idadi yake. Jedwali likishindwa kujengwa kwa sababu ya safuwima moja, indeksi zake zitashindwa, funguo ngeni zitashindwa, ruhusa zake zitashindwa, na mionekano inayolitegemea itashindwa. Safuwima moja mbovu inaweza kuzaa makosa thelathini. Rekebisha la kwanza, rudia, utaona orodha imepungua. Makosa ya viendelezi ambavyo hukuvisakinisha kwenye seva ya majaribio, PostGIS kwa mfano, yatakuwamo pia. Sakinisha kiendelezi kwanza, la sivyo yatafunika unachokitafuta.

Isichokiona njia hii ni viwiliwili vya fanksheni, kwa sababu niliyoitaja. Ukitaka kukaza zaidi, weka kiendelezi cha `plpgsql_check` kwenye seva ya majaribio na ukipitishe kwenye fanksheni zako huko. Chenyewe kinasoma kiwiliwili bila kusubiri fanksheni iitwe.

Kingine isichokiona ni kizito zaidi, na ndicho kinachozuia njia hii kusimama peke yake. Kuna aina ambazo hazikuondolewa: jina limebaki, umbo lake kwenye diski limebadilika. `sql_identifier` ya `information_schema` ilibadilika katika toleo la 12. `aclitem` ilibadilika ukubwa katika toleo la 16. Aliyewahi kuandika `CREATE TABLE ... AS SELECT * FROM information_schema.columns` ana safuwima za `sql_identifier`, kwa mtego uleule wa `pg_user`. Ukimwaga skima yenye aina hizi kwenye toleo jipya, inapita bila kosa, maana majina yapo. Lakini `pg_upgrade` hainakili maandishi, inachukua faili za data jinsi zilivyo, na faili zenye umbo la zamani hazisomeki na seva mpya. Kwa hiyo `--check` itakataa, na itakuwa sahihi. Ni vivyo hivyo kwa safuwima za `regproc`, `regoper` na baadhi ya ndugu zake: zinahifadhi vitambulisho ambavyo havihifadhiwi katika uhamisho wa aina hiyo. `regclass`, `regtype` na `regrole` zinaruhusiwa.

Zikiwekwa bega kwa bega:

| | `pg_upgrade --check` | Swali la katalogi | Skima tupu |
|---|---|---|---|
| Majedwali na mionekano iliyohifadhiwa | Inaona | Linaona | Inaona |
| Mionekano ya kawaida, thamani za msingi, vigezo vya fanksheni | Haioni | Linaona ukiuliza | Inaona |
| Ndani ya fanksheni | Haioni | Linaona ukitafuta maandishi | Haioni |
| Jina lilelile, umbo jipya | Inaona | Linaona ukizijua aina zenyewe | Haioni |
| Unachohitaji | Kuingia ndani ya seva, binari za matoleo yote mawili | Akaunti ya kusoma tu | Ruhusa ya kutoa skima, seva ya pembeni |

Basi uchague ipi?

Anza na swali la namna utakavyohama, kwa sababu linafuta nusu ya wasiwasi. Kama hifadhidata yako ni ndogo na utahama kwa `pg_dump` na kurejesha, data inasafiri kama maandishi. Mambo ya `aclitem` na `sql_identifier` hayakuhusu hata kidogo. Jaribio la skima tupu pamoja na utafutaji wa `prosrc` vinakutosha, na `pg_upgrade --check` itakupa hofu ya bure.

Kama ni kubwa na utahama kwa `pg_upgrade`, fanya ya kwanza na ya tatu, zote mbili, na usiniulize ipi kati yake. Moja inafunika pale nyingine isipoona, na ndani ya fanksheni, ambako zote mbili hazioni, ongeza utafutaji wa `prosrc`. Anza na skima tupu wiki kadhaa kabla, kwa sababu marekebisho yake huwagusa waandika programu na hao hawapatikani kwa siku moja. `--check` iendeshe mapema na uirudie siku ileile ya kazi, kwani jedwali jipya la ukaguzi linaweza kuzaliwa jana yake.

Kwenye huduma za kukodi kama Amazon RDS hupati kuingia ndani ya seva, kwa hiyo huendeshi `pg_upgrade` kwa mkono wako. RDS inafanya ukaguzi wake kabla ya kupandisha na kukuachia kumbukumbu iitwayo `pg_upgrade_precheck.log`. Nisingeutegemea huo peke yake. Rejesha nakala ya papo hapo kama seva mpya ya muda, pandisha hiyo kwanza, halafu iue. Unalipia saa chache za seva. Na swali la katalogi liulize kabla hata ya hapo, kwani halina gharama.

Wapo wasomaji wanaosimamia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, katika wizara za afya, na mfumo huo unakaa juu ya PostgreSQL. Kwa hao wasiwasi wangu hauko kwenye majedwali ya mfumo wenyewe. Uko kwenye yale yaliyoongezwa pembeni kwa mikono: mionekano ya ripoti, majedwali ya muda yaliyogeuka kuwa ya kudumu, fanksheni alizoacha mshauri aliyekwisha maliza mkataba. Swali la katalogi lianzie huko.

Ukishaikuta safuwima, tiba ni fupi:

```sql
ALTER TABLE ukaguzi_watumiaji
  ALTER COLUMN valuntil TYPE timestamptz
  USING valuntil::timestamptz;
```

Amri hii inaandika jedwali lote upya na kulifunga kwa wote, wasomaji na waandishi, mpaka imalize. Kwa jedwali la mistari kumi na minne si kitu, kwa la mistari milioni mia panga muda wake. `reltime` iende `interval` kwa njia hiyohiyo. `tinterval` haina njia ya mkato: ina mwanzo na mwisho ndani yake, kwa hiyo igawe kuwa safuwima mbili za `timestamptz`, au zijenge ziwe `tstzrange` moja.

Na kabla ya kuendesha `ALTER` juu ya `abstime`, tafuta kwanza mistari yenye thamani ya `invalid`. Aina hiyo iliruhusu thamani ya namna hiyo, `timestamptz` hairuhusu, na mmoja tu ukiwamo ubadilishaji wote unakataliwa kwa kosa la `cannot convert abstime "invalid" to timestamp`. Amua na wenye data kama mistari hiyo iwe `NULL` au ifutwe, uirekebishe, kisha urudie amri.